Waliobaki Wamekaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima huko kwa kaka, na kwamba magoti yanakuruhusu kupanda zile ngazi zake. Mimi mwili hauna neno. Ila nina hasira, Mama, na sitakuficha.

Matokeo yamebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa, palepale tulipopigia kura. Mkandarasi kaanguka! Unaikumbuka Jumapili ile mchungaji alipompandisha madhabahuni, akasema watu wa Kristo hawaongozwi na yeyote tu, na kwamba aliyeezeka paa la nyumba ya Mungu ndiye anayefaa udiwani. Akataka wote watakaompa kura wasimame. Walisimama karibu watu mia tatu. Sandukuni zimetoka kura arobaini na moja.

Wewe ulikaa. Mzee wa kanisa alipokuja kukushika mkono, akidhani ni magoti, ulimwambia kwa sauti kwamba magoti ni mazima, kwamba unasimama Injili ikisomwa, na kura yako ni siri yako. Watu wakacheka. Jumapili iliyofuata yakasomwa majina kumi na moja: wasishiriki Meza ya Bwana mpaka watubu. Watubu nini? Kukaa kwenye benchi? Mtu umefagia kanisa lile miaka na miaka, leo unanyimwa mkate kwa ajili ya diwani! Kila nikikumbuka ulivyotoka na Biblia yako kwapani, damu inanichemka.

Na bado mchungaji hajatosheka. Juzi kapanda mimbarani akatuita wanafiki. Yeye! Akasema demokrasia imeingia kanisani kama mchwa, na kwamba Mungu hapigiwi kura. Fundi bomba, ambaye naye alisimama siku ile, akamjibu kutoka nyuma kwamba Mungu hakugombea, aliyeanguka ni mkandarasi. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana sina haki ya kumcheka mtu.

Mama, ulidhani fundi cherehani, aliyekuwa benchi la nyuma yako, ndiye aliyepeleka jina lako. Ukaacha kumsalimia, mpaka ukahama mtaa. Siye. Ni mimi. Kila Jumapili ulikuwa ukiniona pale pembeni na daftari la mahudhurio, ukajua naandika waliokuja. Siku ile mchungaji aliniinamia akaniambia niandike waliokaa, nami nikageuza ukurasa nikaandika. Wewe ulikuwa wa tatu. Na nilikuwa nimesimama, Mama, naandika nimesimama! Siku ya kura nikaingia kwenye kile kibanda chenye pazia, nikamnyima mkandarasi kura yangu, nikatoka bila mtu kujua. Ninyi kumi na mmoja mlikaa mbele ya watu wote. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomchukia mchungaji.

Jana ameniagiza orodha mpya, ya wote ninaodhani walimgeuka. Nimeandika jina moja, langu, nikaiacha mezani kwake pamoja na funguo za ofisi. Jioni hii nakwenda kwa fundi cherehani kumwomba radhi, anifukuze akitaka. Jumapili nitakaa kwenye benchi lako.

Msalimie kaka, wifi na watoto. Niandikie, Mama, hata kama ni mstari mmoja wa kunigombeza.

Ni mimi kitindamimba wako,
aliyekuwa karani wa kanisa