Makaa Yasiyokuwamo

Mbinga Mjini,
Jumatano baada ya Pasaka.

Mama Mdogo Hildegardi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako huko Lundo, na kwamba mkono wako wa kushoto haukusumbui mno katika mvua hizi. Mimi ni mzima wa mwili. Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu katika simu ungenikatiza kwa huruma, nami leo sistahili kukatizwa.

Kama nilivyokuarifu mwaka jana, baada ya kuhitimu shahada yangu ya lugha niliajiriwa na shirika moja la vitabu hapa mjini, nitafsiri mkusanyiko wa ngano za kale za Kijerumani, wenye picha za rangi, ili wazazi na watoto wasome pamoja. Kitabu kilitoka Februari, jina langu likiwa kwenye jalada, na sikatai kwamba nilijivuna. Si ngano za kubembelezea watoto. Humo msagaji anamponda ndugu yake kati ya mawe ya kinu. Mbwa mwitu wanamrarua bibi harusi mlangoni pa kanisa. Malkia anashonwa mdomo kwa uzi wa dhahabu. Mchoraji wetu, Wilfred, hakuibania damu rangi nyekundu. Mkurugenzi alisema mtoto anayeshika miguu ya nguruwe wa Krismasi akichinjwa hatatishwa na karatasi.

Ubishi ulikuwa juu ya neno moja. Ngano ya tisa inamhusu mke wa pili wa mtema kuni, anayemtesa mtoto aliyemkuta nyumbani, hata mwishoni wanakijiji wanamtumbukiza kisimani na kumtupia mawe mpaka kisima kinajaa. Mhariri wetu, Dada Mwanahawa, alitaka mwanamke huyo aitwe mama wa kambo. Nilimjibu, kwa maneno mengi ya chuo, kwamba hilo ni neno la vitabuni, na kwamba huku kwetu mke wa baba huitwa mama mdogo. Aliniambia kwamba mama mdogo wake ndiye aliyemfundisha Kurani na kumsuka nywele hadi siku anaolewa. Kama mimi nina ugomvi na wangu, nikaumalizie kwetu, nisiuchape nakala elfu tatu. Ofisi nzima ilicheka. Nilichukia, nikapeleka hoja yangu kwa mkurugenzi kwa maandishi, nikashinda.

Mwezi uliopita tulikwenda Mpepai kukitambulisha kitabu katika shule moja. Nilisoma ngano ya tisa mwenyewe, na watoto walitulia kama wako misani. Nikainua picha: mwanamke amekibana kiganja cha mtoto juu ya makaa, ngozi inachunika. Mtoto mmoja akauliza kama mama wadogo wote wako hivyo. Wenzake walicheka na kumgeukia Jastin, mtoto wa Bwana Othmar, ambaye mama yake alifariki na sasa analelewa na mke mpya, Aurelia. Wakamwambia akunjue kiganja wakikague. Mimi nilitabasamu, nikafungua ukurasa mwingine.

Siku ya tatu yake Aurelia alikwenda kuteka maji. Watoto kama kumi walikuwa wakimngoja kisimani, wakiimba kwamba mama mdogo arudishe ngozi ya watu. Alidhani ni mchezo, akawatania kwamba ngozi ameipika na maharage. Jiwe la kwanza lilimvunja meno. La pili lilipasua jicho la kulia, na hilo lilirushwa na Jastin, aliyekuwa akiambiwa kwamba asiporusha basi yeye ni wa mchawi. Walimpiga hata alipokuwa amelala ukingoni, damu ikitiririkia kwenye maji ya kunywa, mpaka watu wakaja mbio. Bwana Othmar aliporudi kutoka shambani alimpiga Jastin kwa mpini wa jembe, akamvunja mbavu mbili. Mke na mtoto wamelazwa Litembo.

Nilikwenda kuwaona. Aurelia, nusu ya uso ikiwa imefungwa bandeji, aliniuliza kama ndimi mwalimu wa kile kitabu. Nikakiri. Hakunitukana. Aliniomba tu nimsihi Othmar asimguse tena Jastin, kwa kuwa mtoto hana kosa, amelishwa maneno. Nilitoka wodini. Maneno hayo, kwamba mtoto hana kosa, niliyasikia kwako ukiwa umelala chini, na marehemu baba amesimama juu yako na mpini.

Mama, makaa hayamo katika Kijerumani. Katika ngano ya asili mwanamke yule anamnyima mtoto mkate, basi. Makaa niliyaongeza mimi, nikitaka kusifiwa, na kweli ndiyo ngano iliyosifiwa kuliko zote. Wala sikuyabuni ofisini. Niliyabuni nikiwa na miaka minane, jikoni kwetu Litembo, nilipomdokoa mbasa uliyemleta kutoka ziwani kwa ajili ya baba. Samaki akaniponyoka motoni, nami nikamfuata kwa mkono. Baba alipouliza, nilimwambia wewe ndiye uliyenikandamiza kiganja kwenye makaa. Akakuvunja mkono mbele yangu, nikanyamaza. Akakufukuza, nikanyamaza. Umeamini siku zote kwamba jirani yetu Tereza ndiye aliyekusingizia. Hukusemezana naye miaka kumi na tisa, na alipozikwa hukwenda. Tereza hakusema lolote. Ni mimi.

Na Wilfred aliponiomba sura ya kumchorea mwanamke yule, nilimpa picha yetu ya siku ya kipaimara changu, ulipokuja kutoka Lundo na mkono uliopinda, ukiwa umenibebea viatu. Ukurasa wa themanini na nne ni wewe, pamoja na mwanya wako.

Jana nilimwandikia mkurugenzi haya yote, nikiomba nakala zilizo ghalani zisipelekwe mashuleni. Alipoisoma alisema nikiichana barua ile, kosa litasahihishwa kimyakimya na cheo changu cha mkuu wa tafsiri kitabaki. Kabla sijafumbua mdomo, Dada Mwanahawa aliichukua na kuigonga muhuri wa kupokelewa. Sikuizuia. Leo sina kazi.

Jumamosi nitakuja Lundo. Nakuomba uwaite ndugu zetu pamoja na watoto wa Tereza, niyaseme nikiwa nimesimama mbele yao. Wasalimu wote, ila usiwaeleze sababu. Nami nikifika mlangoni, usinipe mkono kwanza. Ngoja nimalize kusema.

Ni mimi, niliyejiunguza mwenyewe,

Romanus Mansuetus