Tangazo la Kubeti Juu ya Jina la Mama

Mgwashi,
Bumbuli.
12 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Benjamini,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia, kwa hiyo nimekwisha kuitikia. U mzima? Evelina na watoto wanaendeleaje na joto la huko Maskati? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu haina huruma. Mama anakohoa kidogo asubuhi na maharage yanachelewa kukauka. Tunamshukuru Mungu.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu barua pepe nimezikinai, na sasa hivi utajua kwa nini.

Ni yule mtaalamu wako, Alen, uliyemtafuta atutengenezee tovuti ya nyumba ya wageni ya mama. Ulisema ni hodari. Labda hodari wa kuvaa miwani ya jua kwenye ukungu, maana hilo nimeliona kwa macho yangu. Picha zilikuwa nzuri, sikatai. Akaweka na fomu ya mawasiliano: mgeni anaandika jina na haja yake, sisi tunapata ujumbe, naye anapelekewa jibu la shukrani lenye jina la mama. Jibu lenyewe hatukuwahi kuliona. Alen alisema linajituma lenyewe, tusihangaike.

Basi Mchungaji mstaafu Tobia, yule aliyekubatiza, alitaka vyumba kwa ajili ya watoto na wajukuu wanaokuja kwenye jubilei ya ndoa yake. Akaijaza ile fomu kwa adabu zake zote, akaanza kwa kuuliza afya ya mama. Jibu likamrudia: "Mambo vipi bosi wangu!" Chini yake tangazo: beti leo, shinda mkwanja. Na chini ya tangazo, jina kamili la mama yetu, mzee wa kanisa.

Mchungaji alimwonyesha Dorkasi, mwenyekiti wa kina mama wa usharika, akatafuta vyumba kwingine. Maombi ya Alhamisi, ambayo yamekuwa yakifanyika sebuleni kwa mama tangu baba yu hai, yakahamishwa bila maelezo. Mama alichemsha chai kama kawaida, akakaa nayo mpaka ikapoa. Jumapili, tulipotoka kanisani, Dorkasi akanivuta pembeni na kuniuliza kama ni kweli siku hizi mama anaendesha kamari. Benjamini, niliumia.

Nikampigia mtaalamu. Kwanza akasema simu ya mchungaji ina virusi. Kisha akasema ndivyo mfumo ulivyo. Nilipomwambia aijaze fomu yeye mwenyewe aone atajibiwa nini, akaijaza, akakiri. Kumbe jibu lile alikuwa amewaandikia watu wa kubeti, wateja wake wa zamani. Kwetu alibadilisha jina tu, akaona kazi imekwisha. Kulisoma japo mara moja kulimshinda. Na mtu huyo anajiita mhandisi.

Tangazo alilifuta papo hapo, akaweka maneno ya heshima, akadhani yamekwisha. Mama akakataa. Unamjua: neno baya likiingia nyumbani kwa mtu kwa kosa lako, unakwenda mlangoni kwake kuomba radhi, hupigi simu. Bwana mkubwa ikabidi atoke Dar es Salaam, apande mlima kutoka Mombo na viatu vyeupe, tope likamkaribisha.

Njiani kwenda kwa mchungaji nilimfundisha kama mtoto: utavua miwani, utaamkia, utasema kosa ni lako. Aliitikia huku akichezea simu. Mlango ukafunguliwa, mzee akatokea na mkongojo wake, na huyu bwana akanyoosha mkono.

"Mambo, mzee wangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mchungaji alimtazama toka juu hadi chini, kisha akanigeukia.

"Secilia, mwambie mama yako anisamehe. Nilidhani ile barua ameiandika yeye."

Maelezo yote niliyoyaandaa hayakuhitajika. Ujinga wa Alen ulimtetea mama kuliko ambavyo ningeweza mimi. Tukakaribishwa chai, naye akanywa vikombe viwili bila haya.

Alhamisi hii kina mama walirudi. Dorkasi akamuuliza mama ni nani aliyemletea kijana wa namna ile. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Mama alisema alimtafuta mwenyewe, kwamba uzee umemwondolea akili ya kuchagua watu. Wakacheka, naye akacheka nao. Jina lako hakulitaja, na mimi amenikataza kulitaja.

Mjomba Nathanaeli anawasalimu, na binti yake Esteria anamshukuru mkeo kwa kitenge. Mungu awalinde ugenini na awarudishe salama.

Mpigie mama simu, na tovuti usiiulizie.

Dada yako anayekupenda hata leo,
Secilia