Nilimwachisha Vidonge, Akanifichia Siri kwa Daktari

Mpendwa mshauri, naomba msaada nikiwa na aibu, maana niliyoyafanya sina wa kumsingizia. Mimi ni fundi cherehani na mume wangu huchomelea mageti, mtaani wanamwita Mluzi kwa sababu hawezi kukunja chuma bila kupiga mluzi, basi akapata saratani kifuani, akapigwa mionzi, uvimbe ukanywea tukashukuru, kumbe mionzi imejeruhi mapafu, akawa anakohoa na kuhema hata akivaa viatu, daktari akampa vidonge vya kutuliza mapafu na kumwonya asiviache ghafla. Vidonge vikamvimbisha uso, kila mafua yanayopita yanamwangusha, nami nikasikia kuna duka la mitishamba ya Kichina lenye mizizi ya kurudisha kinga ya mwili, nikaenda. Mwenye duka akaniuliza kama daktari anajua, nikamjibu anajua, tena ndiye aliyenituma. Nikachemsha mizizi mpaka nguo za wateja zikanuka, na kwa kuwa niliamini dawa mbili hazikai tumbo moja, nikamwambia mume wangu aache vidonge, akaacha, uso ukapungua, nikajisifu kwa majirani. Sasa pumzi ni za kuokoteza, akipanda ngazi midomo inabadilika rangi, na kliniki daktari alipomuuliza kama anameza vidonge, akasema anameza. Njiani nikamuuliza kwa nini amedanganya. Akashika ukuta kutafuta pumzi, akaniambia, "Nikisema ukweli, atakugombeza wewe." Tangu hapo siwezi kumtazama usoni. Daktari anataka kumpa dawa kali zaidi akidhani zile zimeshindwa. Nimejuta, mshauri, lakini naogopa kusema.

Mke wa Mluzi

Mke wa Mluzi, pole, ingawa pole yangu haitampa mumeo pumzi. Kosa lako si mizizi. Wapo wagonjwa wanaoitumia huku daktari wao akijua, na kama inasaidia kinga, hilo waachie wanaoichunguza. Muuza mizizi alikuuliza swali la maana, wewe ukamdanganya, kisha ukajipa udaktari kwa sababu uso umepungua. Uso, dada yangu! Yaliyokuwa yanatibiwa ni mapafu.

Majuto ni mjukuu, na wako amekuja mapema, mumeo angali hai. Usingoje siku ya kliniki. Midomo ikishabadilika rangi, hiyo ni hospitali leo, acha nguo za watu mezani. Vidonge usimrudishie kwa kukisia, daktari ndiye atakayepanga. Beba vilivyobaki, beba na mizizi, hata ile iliyomo sufuriani, uviweke vyote mbele yake. Atakugombeza. Vumilia, hakuna aliyekufa kwa kugombezwa.

Siwezi kukuahidi kwamba mluzi utarudi, kovu la mapafu lina ukaidi wake. Ila mumeo ana pumzi chache, na alizonazo anazitumia kukukinga wewe. Mkifika kwa daktari, yeye akae anyamaze. Useme wewe.