Karatasi ya Hiari

Kouchuan, Gansu
9 Machi 2009

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya bwenini kwenu hapo kiwandani imepungua? Huku Bibi ni mzima, anakula vizuri. Jana kamkimbiza mbuzi wa jirani kwa mwiko mpaka barabarani. Mimi nami mwili mzima, ila moyo umechafuka.

Jumatano Mwalimu Pang, mwalimu wetu wa darasa, alituita ofisini wanafunzi wanane. Wote tumefeli Kiingereza. Mimi nilipata thelathini na nane kati ya mia na ishirini. Akatugawia karatasi zilizokwisha kupigwa chapa: "Mimi, kwa hiari yangu, naacha kufanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na nitajiunga na chuo cha ufundi." Chini pana nafasi ya jina langu na sahihi ya mzazi.

"Mnanishushia wastani wa darasa," akasema. "Tieni sahihi mpumzike, na mimi nipumzike."

Mwenzangu Huo Meiqin, ninayekaa naye dawati moja, akawa wa kwanza kutia. Wengine wakafuata. Mimi nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Wewe Kou Caixia, unangoja nini?"

"Naingoja hiyo hiari, mwalimu. Bado haijanijia."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Mama, atakupigia simu. Tafadhali sana usimkubalie.

Mwanao,
Caixia


Yiwu
22 Machi 2009

Mwanangu Caixia,

Barua imefika. Mimi mzima, mgongo ndio ule ule. Msalimie Bibi, mwambie aache kukimbia na miaka sabini na mmoja.

Mwalimu kashapiga simu, na alipiga saa ya kazi. Meneja wa zamu alinitazama kama mwizi. Mwalimu anasema huna kichwa cha Kiingereza, na ukishindwa mtihani utakosa sekondari na chuo vyote viwili. Wewe utanijibu nini hapo? Binamu yako alisomea ufundi wa umeme, leo ana kazi na meno ya mbele ya bandia aliyojinunulia mwenyewe.

Na hicho Kiingereza chenyewe cha nini? Hapa tunafuma soksi zenye maneno ya Kiingereza. Wiki iliyopita mashine yangu ilifuma herufi kichwa chini jozi elfu mbili, na wanunuzi wakazichukua.

Baba yako alikufa akiwa na ndoto nyingi. Mimi nataka mtoto mwenye kazi. Tia sahihi.

Mama yako


Kouchuan
4 Aprili 2009

Mama,

Shikamoo. Leo mimi na Bibi tumekwenda kufagia kaburi la Baba. Tulipeleka mikate ya mvuke na machungwa mawili. Bibi anakusalimu, mafua yamemwachia.

Sikutia sahihi. Mwalimu Pang amenihamishia nyuma kabisa, kwenye kona ya mafagio na ndoo. Sawa. Huko hakuna anayenisumbua.

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya mazoezi ya viungo, nakwenda nyuma ya chumba cha kuchemshia maji. Ukuta ule una joto. Nasoma habari moja ya Kiingereza kwa sauti, najibu maswali yake, kisha kila kosa naliandika kwenye daftari pamoja na sababu yake. Kosa bila sababu nalihesabu bado ni deni. Mama, Kiingereza kina wivu na wakati! Kichina chetu neno ni lile lile, "kula" jana, "kula" leo, "kula" kesho, halibadiliki hata kidogo. Wao kitenzi kikipita usiku mmoja tu kinabadilika sura. "Go" ikilala inaamka "went", hazifanani hata pua. Nilikuwa nikikasirika. Siku hizi nikiona habari naanza kwa kuwinda vitenzi: kipi kimekwisha tokea, kipi bado. Nikishavipanga hivyo, habari yenyewe inafunguka.

Meiqin alianza kuja ukutani, ananishikia kitabu, ananiuliza maneno. Juzi walimpeleka chuoni pamoja na wengine. Mpaka anapanda gari alikuwa bado ananiuliza maneno kupitia dirishani.

Sina kichwa cha Kiingereza? Hicho alikipima lini?

Mwanao,
Caixia


Kouchuan
30 Aprili 2009

Mama,

Shikamoo. Bibi mzima. Mimi mzima.

Mtihani wa majaribio nimepata sabini na nne. Mwalimu Pang alinisimamisha mbele ya darasa.

"Umenakili kwa nani?"

"Nimekaa na mafagio, mwalimu. Nimenakili kwa fagio lipi?"

Akanikokota ofisini. Nikamwambia nipe habari yoyote ambayo sijaiona, nipe sasa hivi, hapa hapa. Walimu wengine waliacha kunywa chai. Akafungua kitabu akanipa habari ya tarishi aliyepotea kwenye theluji. Nikawinda vitenzi vyangu. Maswali kumi, nikapata tisa. Mwalimu wa hesabu akasema, "Pang, mtoto kasoma huyo."

Ndipo Mwalimu Pang akavuta droo. Akatoa karatasi mpya, ile ile ya hiari, jina langu limejazwa. Chini pana sahihi yako.

Naujua mwandiko wako, Mama. Nilisimama pale nikiutazama mpaka macho yakauma. "Mama yako ameshamaliza kazi," akasema. "Unabishana na nani?"

Niliichukua mkononi mwake nikaichana. Kwanza mara mbili, halafu nne, halafu sikuhesabu.

Niadhibiwe nitakavyoadhibiwa. Nitakaa kwenye mtihani huo hata wanitoe na kiti. Sitakuandikia tena mpaka uishe.

Caixia


Yiwu
11 Mei 2009

Mwanangu,

Sikuulizi hali, najua ulivyo.

Ni kweli nilitia. Aliituma kwa posta, na bahasha ya kurudishia ndani. Niliitia kwenye ngazi za bweni, na kalamu ya kuazima. Niliogopa. Nilikuona ukishindwa, halafu nikakuona umekaa karibu yangu kwenye mashine hii. Basi nikakufungia mlango mimi mwenyewe ili usifungiwe na watu. Huo ndio ukweli wangu, na si mzuri.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaacha mashine ikizunguka nikaenda kwenye simu. Meneja akaniita, sikugeuka.

"Mwalimu Pang, naifuta sahihi yangu."

"Karatasi yenyewe imechanwa, mama, ila jina nimeshalipeleka."

"Basi kalirudishe. Miguu si unayo?"

"Binti yako hana adabu."

"Kwa hilo umekosea. Adabu anayo. Ila hana woga, na hilo hakulirithi kwangu."

Akasema anahitaji maandishi. Ndiyo hayo ndani ya bahasha: nimeandika kwa mkono wangu kwamba wewe unafanya mtihani, na nimetia alama ya dole gumba kwa wino mwekundu. Kampe mbele ya walimu wale wanywa chai. Asipoyapokea, nitapanda treni nije niyasome mwenyewe langoni, kwa sauti.

Usiponiandikia si kitu. Soma tu.

Mama yako


Yiwu
24 Juni 2009

Caixia,

Mtihani umekwisha wiki iliyopita. Kila siku namuuliza mlinzi wa lango kama kuna barua. Sasa akiniona tu anatikisa kichwa.

Niambie tu kama walikuachia kiti.

Mama


Kouchuan
6 Julai 2009

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa zile siku nilizokunyima. Bibi ni mzima na sauti anayo. Matokeo yangu amekitangazia kijiji kizima, hata wasiouliza.

Kiti nilikipata: maandishi yako nilimpa Mwalimu Pang mbele ya walimu wale, akayapokea. Kiingereza nimepata themanini na sita. Sekondari ya kwanza ya wilaya imenipita kwa alama kumi na tisa. Ya pili imenichukua.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa bado nimekukasirikia, na sikutaka kukuandikia uongo wa kwamba yamekwisha. Leo yamekwisha.

Jana Mwalimu Pang aliniita nizungumze na wanafunzi wanaopanda kidato chetu. "Waeleze jinsi shule ilivyokuinua," akaniambia. Nikapanda jukwaani. Nikasema, "Mwezi wa tatu tuliitwa wanane kutia sahihi kwamba hatutaki mtihani. Huo Meiqin alikuwa anajua maneno mengi kuliko mimi. Leo anajifunza kukaanga mboga kwenye chuo ambacho hakukichagua. Nanyi mtaitwa. Mkiitwa, mjue kwamba kukataa kunaruhusiwa." Mwalimu Pang akazima kipaza sauti. Nilikuwa nimeshamaliza.

Kisha msichana mmoja wa safu ya mwisho akapaza sauti: "Dada, unaanzia kitabu gani?"

Nilishuka nikaenda kukaa naye.

Tunaripoti tarehe ishirini na nane Agosti. Nataka unipeleke wewe. Muombe meneja ruhusa. Asipokupa, njoo.

Mwanao,
Caixia