Chumba cha Sayansikimu

Ipinda, Kyela

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia, au bado unaswali umekaa kwenye kiti? Na huko Kondoa mvua imenyesha, hata ya kulaza vumbi tu? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na mimi nikiisikia sauti yako nasahau nilichotaka kusema. Wifi Zuhura atakusomea. Wifi, soma taratibu, usiruke kitu.

Hapa mvua haikomi. Nguo hukaa kambani siku tatu, na zikikauka zinanuka ukungu. Watu ni wema. Asubuhi wananiamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, mwalimu," nami najibu "Ndaga," na maneno yangu yanaishia hapo. Wao wanaendelea kuongea na kucheka, mimi natabasamu kama niliyeelewa. Ramadhani karibu yote nilifuturu peke yangu. Jirani yangu, mama mmoja Mkristo, alikuwa akiniletea ndizi alizopika jua likizama, kisha anawahi kwa watoto wake. Nilikuwa nakula huku nikiutazama mlango.

Sasa kazi. Wiki kadhaa zilizopita mkuu wa shule aliniita ofisini.

"Mwalimu Rehema," akasema, "wanafunzi wako ni tisa tu. Wazazi wanasema mapishi mtoto hufundishwa na mama yake. Kile chumba cha sayansikimu tunakifanya cha kompyuta. Anza kutoa vitu."

Hata wewe Mama, nilipochaguliwa chuo, uliniuliza, "Miaka yote hiyo kusomea ugali?" Nilikasirika siku ile kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeshajiuliza hivyo hivyo.

Nikiwa natoa vitu kabatini nilikuta daftari la zamani, wino umefifia. Juu limeandikwa Maarifa ya Nyumbani, na ndani, kwa mwandiko mzuri mno, namna ya kupanga meza ya watu sita kwa uma na visu, namna ya kutia wanga vitambaa, namna ya kuoka keki kwenye oveni. Jina la mwenyewe ni Tusekile. Nilimwonyesha mpishi wa shule.

"Huyu bibi yuko hai," akaniambia. "Yuko Ikolo. Alifundisha chumba hicho hicho kabla wewe hujazaliwa."

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Ikolo. Nilimkuta anageuza kakao kwenye mkeka, mzee mdogo wa umbo, mgongo umenyooka. Alilipokea daftari, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Tulikuwa wasichana wa misheni, kabla ya Uhuru," alisema. "Mwalimu wetu Mzungu alikuja na vitabu vya kwao. Baadaye, nilipopelekwa chuo, ndipo nikajua kwamba huko kwao wanawake walipigania sana somo hili lihesabiwe kuwa sayansi, lifundishwe hadi vyuo vikuu: moto, maji, vijidudu, chakula kinavyofanya kazi mwilini. Lakini sisi hatukuletewa sayansi yake. Tuliletewa keki na vitambaa, ili tuwe wake safi wa makarani."

Akaendelea kugeuza kakao. Nikachuchumaa nikageuza naye.

"Mtoto wangu wa kwanza, Lusajo, alianza kuvimba uso na miguu," akasema. "Watu walisema amenenepa, nami nikafurahi. Nywele zikawa nyekundu, akaacha kucheza. Nilimlisha ndizi na uji mweupe, kwenye sahani safi, kitambaa kimepigwa pasi. Wauza usipa kutoka ziwani walikuwa wanapita mlangoni kwangu kila siku. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba mwanangu alihitaji wale samaki wadogo. Gwe mwalimu, nilijua kukunja kitambaa cha meza kwa namna saba. Sikujua mwanangu anakufa kwa nini."

Tuligeuza kakao hadi mkeka wote ukaisha.

Baada ya Uhuru alipelekwa kusomea lishe, akarudi kufundisha hapa, na somo likaitwa sayansikimu. Keki akaiacha. Aliwapeleka wasichana sokoni, akawafundisha kutwanga usipa na karanga za kutia kwenye uji wa watoto. Alidai wavulana nao wasome. "Kwa sababu baba ndiye anayekula kipande kikubwa," aliniambia. Alipostaafu, waliofuata wakarudi kwenye keki, na wanafunzi wakapungua.

Nilimwomba aje kwenye kikao cha wazazi. Alikuja na kitenge chake cha kanisani, akawasimulia habari za Lusajo kwa Kinyakyusa. Sikuelewa, ila niliwaona akina mama wakiinamisha vichwa. Kisha baba mmoja akasema kwa Kiswahili, "Bibi, pole sana. Lakini dunia ya sasa ni kompyuta." Wengi wakakubali. Naye hakukosea, Mama, hilo ndilo lililoniuma. Jumatatu yake walitoa jiko na meza. Nililia stoo, katikati ya mafagio.

Siku mbili baadaye Bibi Tusekile akanitumia ujumbe: walete jikoni kwangu. Jumamosi tukaenda wote tisa na mimi wa kumi. Akina mama wa jirani nao wakaja kuangalia tukipika uji wa usipa, watoto mgongoni. Mtoto mmoja alikuwa na miguu minene. Bibi aliubonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale. Akanitazama tu. Sikungoja uji uive. Nilimpandisha yule mama bodaboda na mwanawe, nikakaa nyuma yao hadi kituo cha afya. Mtoto alilazwa. Sasa amerudi nyumbani, anapiga kelele mchana kutwa, na mama yake anasema hajawahi kufurahia kelele kiasi hiki.

Mama, sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike. Kibali cha uhamisho wa kurudi Kondoa kimetoka, kile ulichokuwa ukikiombea dua. Nimekirudisha. Nimeomba nibaki hapa Kyela. Bibi Tusekile hajui, wala hakuniomba. Najua tangu Baba afariki unalala peke yako katika nyumba ile. Hata mimi nalala peke yangu katika nyumba hii, na sikuambii kwamba nimezoea, maana sijazoea. Lakini wale tisa bado wananihitaji, na safari hii ninajua ninachowafundisha.

Nisalimie kaka Issa na mbuzi wake, shangazi Mwanaidi pale gulioni kwenye kunde zake, na mzee wa msikitini aliyenifundisha kusoma. Wifi Zuhura, asante kwa macho yako.

Usinijibu upesi, Mama. Kasirika kwanza, ukasirike mpaka hasira iishe, ndipo umwambie wifi ashike kalamu.

Binti yako,
Rehema