Rangi ya Matoka ya Mama

S.L.P. 63,
Kianjai, Meru.
11 Januari 1999.

Mpendwa dada yangu Igoki,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kianjai. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kibarazani na si kitandani, maana Marcella aliandika kwamba goti la kushoto limeanza tena. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia? Na macho? Mimi ni mzima. Mgongo hulalamika asubuhi, ikifika saa nne hunyamaza. Binti yangu Gladwell hajambo. Mvua ilichelewa lakini ilifika, na maharagwe tumevuna ya kutosha.

Nimekuandikia kwa Kiswahili ili Marcella akusomee bila kukwama. Marcella mwanangu, soma polepole, na mama yako akikwambia urudie, rudia. Jambo hili amelingoja miaka ishirini na mmoja.

Umeniuliza kama ni kweli nilimwaibisha Mbogo siku ya sherehe yake. Ni kweli. Sikumtukana wala sikumgusa. Nilimpa kitu alichoagiza, kwa usahihi kuliko alivyotarajia, kisha nikaketi nikamtazama.

Wewe unajua yaliyotupata, lakini Marcella alizaliwa huko Morogoro na hajui, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwetu Mbeere itoka, yakiwa mengi matoka, ni ua la mpaka. Hupandwa mbele ya wazee, na likishapandwa haling'olewi. Matoka ya majirani yalikuwa meupe matupu. Ya bibi yako Karwirwa, Marcella, yalikuwa na mstari wa waridi katikati ya kila petali, kwa sababu aliyatoa kwao Manyatta alipoolewa, akayaleta ndani ya kiondo. Yalipita kando ya jiwe la kunolea mapanga, yakashuka hadi mtoni. Mwaka 1977, kabla ya kamati ya ardhi kufika, jirani yetu Mbogo aliyang'oa yote, akalima, akapanda mtama. Kisha akaapa kwamba mpaka ni korongo la juu, na kwamba hapajawahi kuwa na itoka hata moja karibu na lile jiwe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Kivuti. Nilipomweleza habari za matoka, alichokoa udongo kwa fimbo yake, akaona mtama, akaniambia mbele ya watu wote, "Njue, mtu mzima haoti mchana." Watu wakacheka. Mama alisimama pale, leso mkononi, na Kivuti akamwambia aende nyumbani akalee wanawe waache uongo. Nyumbani kwenyewe ndiko tulikokuwa tunanyang'anywa.

Tulipokuwa tunaondoka, Mama aliokota tunguu moja la itoka lililokuwa limetupwa korongoni, akalitia kiondoni. Mwaka 1981 tulimzika hapa Kianjai, katika ardhi isiyo yake, na mimi nikalipanda lile tunguu kichwani pa kaburi lake. Kila msimu wa mvua huchanua. Kila likichanua nimekuwa nikimwona Mbogo.

Sasa nije kwenye picha. Unajua nilifanya kazi miaka mingi katika studio mjini Meru, nikizipaka rangi picha nyeusi na nyeupe kwa brashi. Studio ilipofungwa nilidhani kazi hiyo imekwisha. Miaka miwili iliyopita Gladwell alinunua kompyuta, skana na printa ya rangi, akaanza kutengeneza kadi za harusi na vijitabu vya mazishi hapa sebuleni. Yeye hupanga maneno, mimi hushughulikia rangi.

Mwezi wa Septemba alikuja muuguzi mmoja kutoka Mikinduri, msichana wa adabu, jina lake Cicily. Alitoa picha kwenye bahasha. "Baba yangu anatimiza miaka themanini, na kanisa litamfanyia ibada ya shukrani," akasema. "Picha hii anaipenda sana, lakini imekuwa nyekundu yote. Baba Gladwell, unaweza kuirudisha?"

Nikamuuliza baba yake ni nani.

"Ni Mzee Mbogo wa Siakago."

Niliichukua picha nikaigeuza. Yeye hakunijua. Tulipofukuzwa alikuwa mtoto wa mgongoni, na hapa hakuna aniitaye Njue.

Nyuma ya picha paliandikwa 1975. Mbogo amesimama, shati jeupe, suruali pana chini, redio mpya begani, mguu mmoja ameuweka juu ya jiwe letu la kunolea. Picha ilikuwa imetundikwa miaka mingi ikielekea mlango. Jua lilikuwa limekula rangi ya samawati, na vitu vyote vimebaki kama matofali. Nyuma ya goti lake palikuwa na mstari wa kitu kama nyasi kavu. Nikachukua kioo changu cha kukuza. Dada, hazikuwa nyasi.

Nikamuuliza Cicily, "Mwanangu, unataka iwe nzuri, au iwe ya kweli?"

"Ya kweli. Baba amesema rangi zirudi vile zilikuwa. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwomba ayaandike maneno hayo katika daftari la Gladwell na kutia sahihi. Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Sikumwambia.

Kuirudisha picha kwenye kompyuta kulichukua siku tatu. Maua sikuyagusa. Nilijiapiza hivyo, kwa sababu kama ningeyapaka mwenyewe, basi Kivuti alisema kweli juu yangu. Nilitafuta vitu viwili ninavyovijua: jiwe, ambalo ni la kijivu, na shati la Mbogo, ambalo ni jeupe. Nilirekebisha picha nzima kwa pamoja, kidogo kidogo, hadi jiwe likawa kijivu na shati likawa jeupe. Siku ya tatu majani yakawa ya kijani, maua yakawa meupe, na katikati ya kila petali pakatokea mstari wa waridi. Ulikuja wenyewe. Nilitoka nje nikasimama kando ya kaburi la Mama kwa muda, nikarudi ndani.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilipochapisha, mstari ukatoka wa zambarau, na majani kama kitambaa cha sare ya shule. Kwenye kioo cha kompyuta ni rangi moja, kwenye karatasi ni nyingine kabisa. Mbogo angeona hiyo angecheka mpaka meno yadondoke.

Basi nikaanza kujifunza upya, mzee wa miaka sabini na minne. Kioo cha kompyuta kina mwanga wake, lakini karatasi hurudisha ule tu iliopewa na dirisha. Niliupunguza mwanga wa kioo hadi weupe wake ukalingana na karatasi tupu niliyoishika kando yake. Karatasi ya kawaida hunywa wino na kuufubaza, kwa hiyo Gladwell akaagiza ya picha, ile ngumu inayong'aa, kutoka Nairobi, na tukaiambia printa kuwa tumebadilisha. Nikajifunza pia kutohukumu wino ukiwa mbichi. Rangi ya jioni si ile utakayoikuta asubuhi.

Mwezi wa Novemba itoka la Mama likachanua. Nilichuma petali moja, nikailaza juu ya kioo cha skana, nikaichapisha kwenye ukanda mwembamba wa karatasi. Nikaupeleka ukanda nje, nikaushika kando ya ua lenyewe. Samawati imezidi. Nikapunguza, nikachapisha mwingine, nikaandika namba kwa penseli. Ukanda wa kumi na moja ulifanana kabisa chini ya taa ya sebuleni, nikafurahi kama mtoto, lakini nilipoutoa nje ulikuwa kama jeraha lililovilia damu. Nikampigia Cicily simu nikamuuliza picha itawekwa wapi. "Nje, mlangoni pa kanisa, watu waione wakiingia." Basi taa nikaachana nayo. Nikawa nalinganisha saa nne asubuhi, kivulini.

Gladwell alinionea huruma. "Baba, watu hutazama uso. Nani ataangalia maua?"

"Yule aliyeyang'oa," nikamwambia.

Ukanda wa kumi na saba ulipolala juu ya petali, sikuona ukanda unaishia wapi na ua linaanzia wapi. Nikaandika vipimo vyote, nikaviacha vilevile bila kuvigusa, na kwa vipimo hivyo nikachapisha picha ya Mbogo. Printa yetu haitoi karatasi kubwa, kwa hiyo ilikuwa vipande vinne. Nilivichapisha asubuhi moja, kwa katriji moja mpya, maana wino ukianza kuisha kipande kimoja huwa na homa na kingine afya. Gladwell akavibandika kwenye ubao mwembamba wa habodi. Ukisimama hatua mbili huoni maungio.

Cicily aliichukua picha, nami Jumapili ya tarehe 20 Desemba nikaifuata Siakago. Nilikuwa nimelichimbua tunguu la Mama pamoja na udongo wake, nikaliweka ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, likiwa na maua mawili ya mwisho. Nililifunika kwa gazeti.

Mbogo aliifunua picha mwenyewe. Bado ana sauti. "Tazameni suruali hiyo! Mnaona kijana? Leteni msichana mnioze tena!" Watu wakapiga makofi. Mkewe, Wanjugu, akasema, "Nani atakutaka, na meno umebakiza mawili?" Wakacheka zaidi. Nami nilicheka, dada. Nilikuwa na wakati.

Kisha Kivuti akasogea. Siku hizi anatembea na mkongojo, na miwani yake ni minene kama chini ya chupa. Aliinama, akaweka kidole pichani, nyuma ya goti la Mbogo.

"Mbogo," akasema, "hili ni itoka."

"Hayo ni mambo ya kompyuta, mzee. Siku hizi zinatia maua hata jangwani."

Watu wakacheka tena, kicheko kilekile cha mwaka 1977. Nikaondoa gazeti, nikapita katikati yao, nikaliinua kopo na kuliegemeza ua kwenye picha, waridi juu ya waridi. "Kompyuta haikumjua mama yangu," nikasema. "Angalieni wenyewe."

Dada, ilikuwa saa nne na nusu, kivuli cha ukuta, mwanga uleule. Hapakuwa na tofauti. Hata mtoto angeona.

Wa kwanza kusema alikuwa Wanjugu. Aliishika petali kwa vidole viwili. "Ni hayo," akasema. "Mimi ndiye niliyetumwa kuyatupa korongoni. Safari sita, na karai kichwani."

Mbogo akainuka aiondoe picha. Cicily akasimama mbele yake. Alikuwa analia, lakini hakusogea. "Baba, wewe ndiye ulisema rangi zirudi."

Kivuti akavua kofia. "Njue, nilikuambia unaota mchana. Nisamehe." Nikamwambia aliyasema yale kwa sauti, na haya ayaseme kwa sauti. Akageukia watu: "Karwirwa hakuwa mwongo. Mwanawe hakuwa mwongo. Mwongo tuliketi naye na tukampa shamba." Nyama ilikuwa imeiva, lakini wachache sana walikula.

Sitakudanganya kwamba nilimhurumia. Nilimtazama Mbogo akitafuta kiti na watu wasimpishe, na nikashiba. Mchungaji aliniambia niombe nipunguziwe uchungu. Nimejaribu. Ninapofika kwenye kicheko cha 1977 ninaacha. Linaloniuma ni Cicily tu. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, hajajibu, na sitamlaumu.

Kuhusu shamba, Kivuti ameahidi kwenda ofisi ya ardhi Embu na kusema mbele yao. Labda litarudi, labda litakuta tumekwenda. Picha aliibeba siku ileile, na kwa sasa ameitundika kwenye baraza la duka lake, kwenye njia ya sokoni, na kila siku ya soko watu husimama wakatazama goti la Mbogo.

Nilipokuwa naondoka Mbogo alinifuata hadi barabarani. "Furahi sasa," akasema. "Jua la hapa litaila hiyo kama lilivyoila ile nyingine. Mwaka mmoja, miwili. Nitangoja."

Amesema kweli kuhusu wino. Huu wetu hupauka upesi kuliko picha za zamani. Ndiyo maana ndani ya bahasha hii utaona diski moja yenye picha hiyo na ukanda wa kumi na saba, na vipimo nimeviandika upande wa pili. Diski ya pili iko kwa Gladwell, ya tatu ndani ya Biblia yangu. Marcella, iweke yako mbali na redio, maana sumaku yake huifuta, na ukanda uufungie gizani. Katriji mpya, karatasi ngumu, saa nne asubuhi, kivulini. Itakapopauka pale dukani nitachapisha nyingine. Nikiwa sipo, Gladwell atachapisha, na Gladwell akichoka, wewe. Mbogo na angoje.

Nimetia pia nakala ndogo kwa ajili ya mama yako. Asiitazame chini ya taa. Mtoe nje, mwache aweke kidole nyuma ya lile goti.

Nisalimie shemeji yangu, na kijana wetu Mwenda, na wote wanaokula sahani moja nawe. Mungu akulindie goti na macho, na akuachie siku nyingi za kuona.

Tunguu nimelirudisha kichwani kwa Mama. Limeshika.

Ni mimi nikupendaye, tuliobebwa mgongo mmoja,
Njue.