Mjukuu Wangu Ameniua kwenye Wimbo

Ndugu yangu, upo? Mwenzio sikai, sisimami.

Nimetoka maktaba, kwenye yale maonyesho ya namna nyimbo za michezo ya jukwaani zinavyotungwa. Wimbo wa mjukuu wangu umo! Kanivisha visikilizio vya masikioni, nasikia mzee anagombana na redio, analaumu goti. Ni mimi kabisa!

Ubeti wa mwisho, mzee akafa.

AKAFA, bwana!

Nikasahau masikio yameziba, nikapayuka: "We mtoto, mbona umeniua?" Maktaba nzima ikageuka.

"Babu, taratibu!"

"Nifufue kwanza!"

"Waimbaji wameshaushika. Onyesho la mchezo ni Jumamosi." Halafu akainama. "Nimetunga ninachokiogopa, babu."

Nikamvuta, nikamkumbatia mbele ya watu. Mimi huyu!

Jumamosi twende wote, ukae ubavuni kwangu. Kufa peke yangu siwezi.